Taa ya kapteri za kupaki: ni ubovu ao ni matope ya Butembo?

Gari nyingi zenye kuingia Butembo kupitia Kasindi zilitumiwa kwanza Japani. Zinashukia Mombasa, zinapita Uganda, zinafika na usukani kuume, wakati Kongo gari zinatembea upande wa kuume wa barabara. Siku hizi nyingine ziko na kapteri za kusaidia kupaki, vile vidude vya duara kwenye bampa. Shofere akirudi nyuma karibu na ukuta, gari inalia. Kisha siku moja taa ya manjano inawaka kwenye tablo, pamoja na maneno ya Kijapani, na mwenye gari anakimbilia garaji na pesa mkononi.

Mara nyingi anakimbia bure. Kapteri inafanya kazi kama popo: inatuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii, sauti inagonga kitu na kurudi, kompyuta inapima muda. Tope likiganda juu yake, sauti hairudi vizuri. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji na kitambaa laini, mbele ya kuuliza bei ya kapteri mpya.

Taa ikibaki, aulize kama gari iligongwa ao ilipakwa rangi. Bampa ikifungwa vibaya, kapteri inatazama chini. Rangi nzito inaiziba, na plagi yake inaweza kuingia maji. Mafundi wako na njia moja rahisi: moteri imezimwa, breki ya mkono imevutwa, kontakt imefunguliwa, gia iko ya nyuma. Kisha fundi anagusa kapteri moja moja kwa kidole. Nzima inatetemeka kidogo, iliyokufa imenyamaza.

Kama batri ilitolewa, kwenye Toyota kadhaa kamera ya nyuma inapoteza hesabu ya usukani. Kuzungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kuume, kunaweza kutosha. Lakini taa ya ABS ikiwaka pamoja na ya kupaki, bampa iachwe: itafutwe garaji yenye mashine ya kusoma kompyuta. Na taa nyekundu ya breki ni habari nyingine kabisa. Gari hiyo isitembee.

Ubaya mkubwa ni ule wa kuchomoa plagi na kuficha taa. Tablo inakuwa safi, mteja analipa, anashukuru. Shofere amekwisha kuzoea ile sauti, na sasa kimya anakielewa kuwa nyuma hakuna mtu. Usukani ukiwa kuume, kona ya nyuma kushoto ndiyo iko mbali naye zaidi, na kwenye parsele zetu watoto wanacheza pale pale nyuma ya gari. Hata kapteri nzima inaweza kukosa kitu kifupi kilicho chini. Kugeuza kichwa, ao kushuka na kutazama, hakujapata mashine ya kukurithi.

Mwenye kununua gari anaweza kujipimia mwenyewe mbele ya muuzaji. Aweke bidon ya lita 20 nusu metre nyuma ya bampa, moteri ikiwa imezimwa, kontakt wazi, breki ya mkono juu, gia ya nyuma. Asisimamishe mtu pale. Gari isipolia, bei ijadiliwe upya hapo hapo, dola zikiwa bado mfukoni.