Ubao na Kabati: Kompyuta ya Nyumbani Inapokuwa Nzito



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeona tuzungumzie kompyuta ya nyumbani, kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Malindi. Kompyuta yetu, ambayo watoto huisomea na mama yao huweka humo hesabu za oda zake za mahamri, ilikuwa nzito mno: waiwasha, waenda kuteleka chai, warudi, nayo bado haijawa tayari. Binti yetu akaambiwa na wenzake kwamba imejaa. Kwa nia njema akafuta folda nzima ya picha. Humo mlikuwa na picha za marehemu mama yetu katika Idi yake ya mwisho, wala hatukuwa na nakala zake popote. Na kompyuta ikabaki nzito vile vile.

Alhamdulillahi, tulizipata, kwa kuwa kapu la taka la kompyuta lilikuwa halijamwagwa. Tukaona ni wajibu wetu kuwaonya wengine.

Sisi tuliosoma chuoni zamani tuliandika juu ya ubao. Somo likishahifadhiwa, ubao huoshwa, likaandikwa jingine. Vitabu vyenyewe vilikaa kabatini. Kompyuta nayo ina vyote viwili. Ubao wake ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM: humo huwekwa yale yanayofanyiwa kazi saa hiyo tu, na umeme ukikatika hufutika. Kabati lake ni diski, ambamo picha na hesabu hudumu hata mashine ikizimwa. Kompyuta nyingi za zamani zina ubao wa gigabaiti 4 tu, hali kabati lake ni la gigabaiti 500. Picha iliyolala kabatini haichukui nafasi yoyote ubaoni. Kuifuta ili ubao upate nafasi ni sawa na kuchoma vitabu kwa kuwa ubao umejaa maandishi.

Anayetaka kuusafisha ubao na aanze kwa kufunga asichokitumia, hasa kurasa za intaneti, kwani kila ukurasa ulioachwa wazi hula sehemu yake. Kisha, kwa wenye Windows, abonyeze pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi na kiasi cha kumbukumbu kinacholiwa na kila moja. Aifunge ile anayoijua na asiyoihitaji, baada ya kuhifadhi kazi yake, asiyoijua aiache. Humo humo mna orodha ya programu zinazojiamsha kila kompyuta inapowashwa. Tulipoitazama yetu, tulikuta nyingi ambazo hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka kuziweka. Tukazizuia, tukaiwasha kompyuta upya, na siku hiyo hiyo nafuu ikaonekana.

Kabati nalo lina haki yake. Ubao ukijaa, kompyuta huazima nafasi katika diski. Diski ikiwa imeshona, mambo huwa mazito zaidi. Hapo tuanze kufuta vile vinavyopatikana tena: video zilizopakuliwa na programu zisizotumika. Picha na hesabu tuzinakili kwanza katika diski ya nje, kisha tuifungue nakala na kuhakikisha kwamba zaonekana. Kapu la taka limwagwe mwisho, baada ya mama na baba kulitazama, kwani likishamwagwa, kurudisha kilichokuwamo ni shida.

Ikiwa baada ya hayo bado ni nzito, tusikimbilie kununua mpya. Huo waweza kuwa israfu. Aghalabu fundi aweza kuongeza RAM, au kuitoa diski ya kuzunguka na kutia ya SSD, ambayo husoma kwa kasi zaidi. Lakini fundi akisema ataifuta kompyuta yote, mwambieni angoje hadi amana zenu zitolewe.

Binti yetu hatukumkemea. Waliomwambia kwamba imejaa hawakusema uongo. Ila hawakumwambia kilichojaa ni kipi. Sasa yeye ndiye mwenye kuitunza ile diski ya nje, na picha za bibi yake zimo humo.

Wabillahi tawfiq.