Tuisheni za Pasua: saa zinaongezwa, mbinu ni ile ile

WAZAZI wa Pasua, kata iliyo kusini mwa Manispaa ya Moshi, hawahitaji kuhubiriwa thamani ya elimu. Mama anayeuza ndizi Soko la Mbuyuni na baba anayepanga mitumba Memorial wako tayari kuahirisha mengi, lakini fedha ya tuisheni ya mtoto aliye kidato cha nne haiahirishwi. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni kama saa hizo za ziada zinamfundisha mtoto jambo jipya, au zinarudia tu, kwa malipo, kile kilichoshindikana asubuhi.

Mara nyingi mambo huenda hivi: mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, kisha wanarudi nyumbani "kumeza". Mtihani ukikaribia, wanakesha. Lugha yao wenyewe inakiri kila kitu, maana kinachomezwa hakikutafunwa.

Saikolojia ya ujifunzaji imelichunguza jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau ikapungua. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yalimsaidia kuliko marudio mengi yaliyorundikwa siku moja. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani anafanya kinyume kabisa cha hayo.

La karibu zaidi, na kwa maoni yangu lenye uzito kuliko yote kwa walimu wetu, ni la mwaka 2006. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu viwili vya habari. Kimoja walikisoma mara mbili. Cha pili walikisoma mara moja tu, kisha wakatakiwa kuandika wanachokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, walikumbuka asilimia 81 ya kifungu walichokisoma mara mbili na asilimia 75 ya kile kingine. Waliopimwa baada ya wiki moja walitoa picha tofauti: asilimia 42 kwa kilichosomwa mara mbili, asilimia 56 kwa kilichoandikwa kwa kumbukumbu. Katika jaribio jingine la watafiti hao hao, waliosoma tu na kurudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka, nao ndio waliosahau zaidi.

Hapo ndipo ulipo mtego kwa mzazi wa Pasua. Mtoto anayerudi usiku na daftari lililojaa, akasoma kurasa zake mara tatu, anahisi ameelewa. Mzazi naye anahisi fedha yake imefanya kazi. Hisia hiyo ni ya kweli kwa jioni ile, lakini mtihani wa taifa hausubiri jioni ile.

Atatokea wa kusema kwamba tuisheni zetu zimejaa maswali ya mitihani iliyopita, hivyo tayari tunafanya wanayoshauri wataalamu hao. Si sahihi. Kunakili jibu la swali la mwaka jana na kulikariri ni kusoma tu kwa jina jingine. Faida hutokea pale mwanafunzi anapofunika daftari, akahangaika kulitafuta jibu kichwani mwake, akakosea, akasahihishwa, kisha akaulizwa tena baada ya siku tatu. Zoezi hilo linawezekana hata darasa likiwa na watoto 80: dakika 10 za mwanzo wa kipindi, maswali matano ya somo la wiki iliyopita, karatasi chakavu, na jirani kumsahihisha jirani. Halihitaji kompyuta wala semina ya hotelini.

Hata hivyo, mtu hawezi kukumbuka vizuri asichokielewa, na hapa tatizo letu ni kubwa kuliko la Marekani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili kwa miaka 7, kisha kidato cha kwanza anakutana na fizikia na jiografia kwa Kiingereza. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwashirikisha wasomi kama Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulionyesha kwamba wanafunzi wa sekondari waliofundishwa mada kwa Kiswahili waliielewa vizuri zaidi. Mada ya kupenya kwa maji katika udongo si ngeni kwa mtoto wa Pasua aliyeona mashamba ya mpunga ya Mabogini yakinyweshwa. Ugeni uko katika maneno, na mwalimu asiyeanzia mashambani humo analazimika kumkaririsha mtoto kitu anachokijua.

Jambo jingine ni hofu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alibaini alipotengeneza aiskrimu kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza darasani, alidhihakiwa. Aliendelea kuuliza hadi alipokutana na Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, Mpemba akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, hapa hapa juu ya Moshi. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo. Katika tuisheni yenye watoto 60 na kiboko mezani, ni nani atathubutu kuuliza swali la namna hiyo?

Si haki kuwatwisha walimu mzigo wote. Katika majaribio yaliyofanyika katika shule za msingi 350 za wilaya 10 nchini mwaka 2013 na 2014, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ruzuku peke yake haikupandisha alama za wanafunzi. Ilipoambatanishwa na malipo kwa walimu kulingana na kile watoto walichojifunza, alama zilipanda. Fedha ya mzazi wa Pasua ni ruzuku ya aina hiyo hiyo, tena isiyo na mkaguzi.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani (Necta) liliacha kutangaza shule kumi bora. Ushindani wa mitaani haukuisha kwa tangazo hilo, na matangazo ya tuisheni bado yanahesabu saa na idadi ya madaraja ya kwanza. Mzazi anayelipa anayo haki ya kuuliza jambo moja rahisi kabla hajatoa noti yake: kwa wiki, mwanangu ataulizwa mara ngapi akiwa amefunika daftari?