Dogo wa Reuben Hakukosa Akili

Ukiniambia tena kuwa chesi ni mchezo wa akili tupu, pesa haina kazi hapo, tutakosana.

Weka bao mbele yako. Mweupe anaanza e4, mweusi anajibu e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, farasi f6. Sasa mweupe anarusha farasi wake hadi g5, jicho liko f7. Mweusi anaziba na d5, mweupe anala, na askari wake anabaki d5 kama amejileta mwenyewe. Nani hatamla?

Dogo mmoja wa Mukuru kwa Reuben, kichwa kweli kweli, alimla na farasi. Farasi wa mweupe akajitoa mhanga f7, malkia akatoka na shaki, mfalme wa dogo akaburutwa hadi katikati ya bao. Mechi ikaisha kabla chai haijapoa.

Mtego huo una miaka 400 hivi. Jibu liko kitabuni: achana na huyo askari, peleka farasi wa c6 kando, a5, umkimbize askofu. Mpinzani wake ana kocha wa kulipwa. Dogo anajifunzia kwa simu ya mamake. Bando ikiisha, somo limeisha.

Halafu mtu mzima ananiambia, "Watoto wa mtaa hawana utulivu." Utulivu gani? Hatua kumi za kwanza ndizo sehemu ya chesi inayonunulika. Akili hupimwa baadaye, na wengi wetu tunang'olewa kabla ya kufika huko.

Mtasema mbona Phiona Mutesi alitoka Katwe, Kampala, hadi akatengenezewa filamu 2016. Sawa. Lakini mnamruka Robert Katende, aliyeketi na watoto wale, akawapa uji na kuwafundisha. Phiona hakuwa muujiza. Alikuwa na kipaji, na akapata mwalimu.

Kwa hivyo wafadhili, tosheni na picha za mtoto, bao na mabati nyuma. Leteni mwalimu anayerudi kila Jumamosi. Leteni vitabu, saa za mchezo, na ada ya mashindano ambayo mama wa Reuben anaweza kulipa bila kulaza watoto njaa. Na wewe uliyejua jibu ni farasi a5 kabla sijasema, shuka mtaani umwonyeshe mtu.

Dogo sasa analijua. Alilinunua kwa kuaibika mbele ya ukumbi mzima. Wenzake wasilipe bei hiyo.