Njia ya Mtoto Kwanza, Chakula Baadaye

Juma hili tunawaletea jambo tuliloliona wenyewe saa za mchana, watoto wakitoka masomo.

Mtoto wa darasa la pili alifika mbele ya malewa moja. Mbabula na karai la mafuta ya moto vilikuwa pembeni kabisa mwa barabara, viti vimefunga nafasi ya kupita, na pikipiki tatu za wateja zimesimama mlangoni. Akashuka barabarani ili apite. Motari mmoja akamkwepa kwa nafasi ndogo sana. Hakuumia, lakini alifika nyumbani akitetemeka.

Hatusemi wauzaji wafukuzwe. Wengi ni wamama wenzetu. Sambaza, mandazi na kamundele ndivyo vinavyolipa minervale. Tena nafasi ni shida: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na sisi tukajenga upya juu ya mawe hayo.

Kule Marekani mikahawa mingi ina dirisha la kumuuzia mtu akiwa ndani ya gari. Mwaka 2019 mji wa Minneapolis ulikataza kujenga madirisha mapya ya namna hiyo, kwa kuwa magari hukata njia ya waendao kwa miguu. Kwetu, pikipiki mlangoni inafanya kazi ileile.

Tulizungumza na mama mwenye malewa. Akatuuliza: «Nikirudi nyuma, mteja ataniona namna gani?» Ni swali la haki. Tukamjibu kwamba anayetembea kwa miguu ndiye mteja wake mkubwa, naye hawezi kusimama kununua mahali anapoogopa kugongwa.

Basi tulipanga naye hivi:

Mbabula ikae upande wa ukuta, nyuma ya meza.

Mbele ya meza ibaki njia ya wamama wawili kupishana, mmoja amebeba mtoto mgongoni, mwingine beseni kichwani. Mstari wa mawe ya lava uonyeshe mpaka.

Pikipiki zisimame mbele zaidi, mbali na mlango.

Maji ya kuosha sahani yasimwagwe njiani.

Hakulipa hata franka moja. Motari wawili walinung'unika, watoto walipita.

Siku ya likelemba, kila kikundi kitembee kwenye avenue yake na kuuliza: mtoto wetu anapita wapi hapa?