Mwanao anataka kuunda injini nyumbani? Usimfukuze, kaa naye

Kaka yangu alinipigia simu Jumapili moja jioni. "Mdogo wangu, njoo uongee na huyu mwanao. Anataka kuunda injini, na mimi sitaki kuona moto kwenye banda langu."

Mwanangu huyo ni Baraka, mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka 12. Mimi bado sijajaliwa wa kwangu, hivyo ushangazi wangu nauchukulia kwa uzito. Kesho yake nikaenda.

Nilijua kwa nini kaka anaogopa. Alipokuwa na umri kama wa Baraka, alitia maji kwenye kopo la maziwa ya unga, akagandamiza mfuniko kwa nguvu, akaliweka juu ya jiko la mkaa. Alitaka kuona mvuke ukisukuma kitu. Mfuniko uliruka hadi darini na mvuke ukamchoma mkono wa kulia. Bibi akampaka dawa ya meno. Kidonda kikatunga usaha, na kovu analo mpaka leo. Juu ya hayo yote alichapwa. Mkono ulipona, lakini sikumwona tena akishika bisibisi kwa furaha.

Sasa mwanawe ameanza palepale alipoachia.

Kosa lilikuwa wapi?

Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ukiyafungia kwenye kopo lisilo na njia ya kutolea mvuke, umetengeneza bomu. Kwa hiyo sharti la kwanza nililompa Baraka ni hili: hatuchemshi kitu chochote ndani ya chombo kilichofungwa. Hata kwa dakika moja.

"Basi shangazi, injini itaendaje bila mvuke?"

Itaenda kwa hewa. Mwaka 1816, mchungaji wa Uskochi aliyeitwa Robert Stirling alisajili hataza ya injini inayotumia hewa iliyopashwa moto na kupozwa kwa zamu. Haina bwela la kuchemsha maji. Mfano wake mdogo unaweza kuundwa kwa makopo ya soda, na shinikizo lake ni dogo kiasi kwamba puto la kuchezea watoto linatosha kulibeba.

Baraka alichora kwanza kwenye daftari. Chini ya kopo panawekwa mshumaa, juu panazungushiwa maji baridi. Ndani kuna kipande cha stiliwaya ya kusugulia masufuria, kinachopanda na kushuka kwa uzi wa nailoni bila kugusa kuta. Kikiwa juu, hewa hukimbilia chini kwenye joto, inatanuka na kusukuma puto lililofungwa kwenye tundu la ubavuni. Kikishuka, hewa huhamia juu kwenye baridi, inasinyaa na puto linavutwa ndani. Puto na uzi vimeunganishwa na waya mgumu uliokunjwa kama krenki shafti, na mwisho wa waya kuna sidii mbili za zamani zinazofanya kazi ya flaiwili.

Kabla ya kuwasha

Hapa ndipo kazi ya mzazi ilipo. Mambo tuliyokubaliana ni haya:

Kopo likikatwa huacha makali kama wembe. Mtoto avae glavu nene, na kingo zipigwe msasa au zifunikwe kwa gundi ya karatasi. Ulizia pia kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

Miwani ya kukinga macho ni lazima. Kipande cha waya kikikatwa na koleo huruka.

Tumia mshumaa mfupi, si petroli, si mafuta ya taa. Spiriti pia iache: mwali wake hauonekani vizuri mchana, na watu wengi huungua wanapoongeza spiriti kwenye taa ambayo bado ina moto.

Madirisha yawe wazi, nywele zifungwe, khanga na mikono mirefu vikae mbali. Ndoo ya maji safi iwe karibu. Na mtu mzima asitoke, hata kama simu inaita.

Akiungua

Mwagia sehemu iliyoungua maji safi yanayotiririka ya ubaridi wa kawaida kwa dakika 20. Ziangalie kwenye saa, kwa sababu dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia. Usitumie barafu. Vua pete, saa au nguo iliyo karibu, ila iliyogandana na ngozi iache. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonatana na kidonda.

Dawa ya meno, mafuta, yai na unga havitibu. Huzuia joto kutoka na huongeza hatari ya kidonda kuoza. Mpeleke kituo cha afya haraka ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au lipo usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri.

Nilipokuwa nikimweleza Baraka haya, kaka alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Alikuwa akishika kovu lake.

Jumamosi tatu

Injini ya kwanza haikuzunguka. Stiliwaya ilikuwa inasugua ukuta wa kopo. Ya pili ilizunguka nusu duara ikafa, kwa sababu tundu la kupitishia uzi lilikuwa pana na hewa ikavuja. Baraka alitaka kulitupa kopo uani. Hapo kaka akaingia bandani, akavuta stuli, akasema, "Lete hapa. Hiyo mikunjo ya waya hujaipanga robo duara." Akaikunja upya kwa koleo.

Jumamosi ya tatu walibadilisha maji ya juu, yaliyokuwa yameshapata moto, wakaweka ya baridi yenye barafu. Baraka akawasha mshumaa, akasubiri, akaisukuma sidii kwa kidole. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka, tik-tik-tik, bila mtu kuigusa. Wifi alikuja mbio kutoka jikoni akidhani kuna aliyeumia, akatukuta watatu tumeinama juu ya kopo la soda tunacheka.

Mzazi, mtoto mwenye udadisi ukimkataza atajaribu ukiwa kazini, nyuma ya nyumba, na kopo lililofungwa. Ukikaa naye, atajifunza kupima, kukosea na kurudia, na atajua ndoo ya maji iko wapi.

Kaka sasa anadai injini ile waliiunda wawili. Baraka hajabisha.