Ajali Ina Kinga

“Ajali haina kinga.” Msemo huu unatamkwa msibani, wazee wanatikisa vichwa, na hapo hapo maswali yanafungwa. Hakuna anayeuliza kama baiskeli ya marehemu ilikuwa na raba za breki. Naupinga msemo huu. Usukani uliolegea una kinga. Breki zilizokwisha zina kinga. Na kinga yenyewe haizidi dakika tatu kabla ya kupanda.

Naandika kuhusu Kisesa, ambako barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma inapita katikati ya maisha yetu. Juu ya lami yanapita mabasi na malori yanayoelekea Sirari. Ukingoni zinapita baiskeli: mkaa, maziwa, madumu ya maji, mwanafunzi aliyempakia mdogo wake kwenye karia. Baiskeli ikishindwa kusimama hapa, haiangukii majanini tu. Inaweza kuangukia mbele ya lori.

Piga hesabu. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 20 ni kilo 80. Akifunga gunia la kilo 80, breki zilezile zinadaiwa kusimamisha uzito maradufu. Mvua ikinyesha, rimu za chuma zinalowa na raba hazishiki tena kama zamani. Halafu unakuta breki yenyewe ni ndala: mguu unakandamizwa kwenye tairi, nasi tunacheka na kuuita ujanja. Ujanja gani huo unaotegemea unene wa soli?

Ukaguzi ninaoudai hauhitaji shahada. Bonyeza matairi kwa kidole gumba. Ukiona nyuzi zimetokeza, tairi limekwisha. Sukuma baiskeli huku umekamata breki, moja baada ya nyingine: gurudumu lazima ligome. Bana gurudumu la mbele kwa magoti, kisha geuza usukani. Ukizunguka peke yake, usipande, tafuta spana. Shika nati za magurudumu. Tazama mnyororo, maana ukichomoka mlimani wakati umesimama juu ya pedali, utaanguka na kifua juu ya usukani. Piga kengele. Mwisho angalia mzigo: ncha ya mpira wa kufungia inayoning’inia ikinaswa na spoku, gurudumu linaweza kugoma ghafla.

Nilipowaambia wenzangu wa shahada ya uzamili kwamba naandika kuhusu raba za breki, walicheka. Wakasema hiyo ni mada ya darasa la tano. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na sisi wasomi. Tunajaza kurasa kuhusu tabianchi na usafiri usiotoa moshi, lakini hatujui kukaza nati. Baiskeli tunaipenda kwenye makala, anayeipanda hatumwoni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Hiyo nayo ni mada ya darasa la tano?

Wapo watakaosema mnyonge hana hela ya vipuri. Kweli, tairi jipya si jambo dogo kwa mchuuzi wa maziwa. Lakini kubonyeza tairi ni bure, na kukunja ncha ya mpira ni bure. Tena umaskini ndio unaozidisha sababu ya kukagua. Mwenye ajira akivunjika mguu, mshahara unaweza kumfuata kitandani. Mbeba mkaa akivunjika, nyumba nzima inalala njaa. Na ndiyo, hakuna spana itakayomfundisha adabu dereva wa lori. Hiyo ni kesi nyingine, na isikilizwe. Ila haifuti hii.

Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani tunaona magari yakikaguliwa na kubandikwa stika. Baiskeli inaambulia nasaha. Shuleni hali haikuwa tofauti. Nilikosoma, mwalimu wa zamu alitupanga mstarini akakagua kucha, nywele na kola za mashati. Hatua chache kutoka pale, baiskeli zetu zilikuwa zimeegemezwa chini ya mwembe, nyingine hazina breki hata moja. Hakuna aliyezigeukia. Kucha chafu zilichapwa fimbo. Baiskeli mbovu ilipelekwa barabarani saa tisa alasiri ikiwa na mtoto juu yake.

Ninachodai ni kidogo. Mara moja kwa mwezi, Jumatatu asubuhi, shule imwite fundi baiskeli wa senta, imlipe posho yake, na kila mwanafunzi asimame kando ya baiskeli yake, ajifunze kuikagua kwa mikono yake mwenyewe. Kucha zinaweza kusubiri Jumanne.