"Huonekani kwenye mfumo": kinachotokea kanzidata mbili zinapolinganishwa

Kama wewe ni mkimbizi unayeishi Busanza, katika umurenge wa Kanombe, taarifa zako zimehifadhiwa mahali zaidi ya pamoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina kanzidata yake iitwayo proGres. NIDA, taasisi inayotoa vitambulisho nchini Rwanda, ina yake. Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, inayosimamia mituweli tangu 2015, nayo ina yake. Jirani yako mwenyeji hali yake haitofautiani sana: kitambulisho kiko NIDA, bima iko RSSB.

Kanzidata hizi ziliundwa na watu tofauti kwa kazi tofauti, na ziko kwenye seva tofauti. Zinapolinganishwa, ndipo mtu huweza kuambiwa "huonekani kwenye mfumo". Ni vizuri ujue maneno hayo yanatoka wapi, kwa sababu yanaweza kukunyima matibabu au kitambulisho.

Ulinganishaji unafanyikaje?

Kanzidata hupanga taarifa katika majedwali. Kila mtu ana mstari wake, na kila taarifa ina safu yake: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba, makazi. Ndani ya kanzidata moja, swali kama "nani amesajiliwa lakini hana bima?" hujibiwa kwa sekunde chache. Zikiwa seva mbili, hakuna inayoona yaliyomo ndani ya nyingine.

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kutoa nakala ya orodha upande mmoja na kuipeleka upande wa pili. Ni rahisi, lakini nakala huzeeka. Mtoto aliyezaliwa baada ya nakala kutolewa hayumo. Ya pili ni kuunganisha seva ili moja iulize nyingine moja kwa moja. Majibu huwa mapya zaidi, lakini lazima yawepo makubaliano kuhusu nani anaruhusiwa kuona nini.

Njia zote mbili zinahitaji kitu kinachofanana pande zote, na kizuri zaidi ni namba moja ya mtu. Namba uliyopewa na UNHCR si namba ya kitambulisho chako. Pale ambapo namba ya pamoja haikuandikwa, mfumo hutegemea jina na tarehe ya kuzaliwa, na hapo makosa huanza. Niyonkuru huandikwa Niyonkulu. Mkongomani mwenye majina matatu huandikwa mawili, au jina la mwisho huwekwa mwanzo. Asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari 1. Tarehe 05/03 husomwa Machi 5 upande mmoja na Mei 3 upande mwingine. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili.

Matokeo huwa mafungu matatu: walio kwenye orodha zote, walio kwenye ya kwanza tu, na walio kwenye ya pili tu. Mafungu mawili ya mwisho yanaonyesha kwamba kuna tofauti, lakini hayasemi sababu yake.

Uganda na Kenya zinatufundisha nini?

Mwaka 2018, baada ya madai kwamba idadi ya wakimbizi nchini Uganda ilikuwa imeongezwa, serikali na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho, kuanzia Machi hadi Oktoba. Orodha ya awali ilikuwa na takriban watu milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Wengi walisema waliokosekana ni "wakimbizi hewa". Lakini orodha hupungua kwa sababu nyingi: wapo wanaorudi kwao, wanaohamia mjini, wanaofariki, na wanaoandikishwa mara mbili. Uhakiki uliwezekana kwa sababu watu waliitwa na kuonekana ana kwa ana.

Nchini Kenya kosa lilikuwa la aina nyingine. Wakati wa ukame, familia nyingi za Wakenya wa Garissa na maeneo jirani zilijiandikisha kama wakimbizi Dadaab ili zipate chakula. Miaka ikapita, watoto wakafikisha 18 na kuomba vitambulisho. Alama zao za vidole zikaonekana kwenye kanzidata ya wakimbizi, wakanyimwa. Idadi yao imekadiriwa kufikia 40,000. Hapa mfumo ulimtambua mtu sawasawa, lakini tafsiri ikawa mbaya: aliyekuwa na njaa alihesabiwa kuwa mgeni katika nchi yake.

Hii inakuhusu vipi Busanza?

Tangu 2019, wakimbizi wa mijini nchini Rwanda wamekuwa wakiingizwa kwenye mituweli, na kitambulisho cha mkimbizi hutolewa kuanzia miaka 16. Kwa hiyo herufi moja iliyokosewa upande mmoja inaweza kukufikia ukiwa dirishani kwenye kituo cha afya. Wenyeji waliohamishiwa Busanza kutoka Kangondo na Kibiraro nao wahakikishe kwamba makazi yao mapya yameandikwa kila mahali.

Fanya haya mapema, kabla hujaugua:

- Linganisha karatasi zako zote: jina, mpangilio wa majina, tarehe ya kuzaliwa, namba.
- Andikisha mtoto mara anapozaliwa, na toa taarifa ukihama au mtu wa nyumbani akifariki.
- Ukiambiwa huonekani, uliza: ni kwenye orodha ipi, na ya tarehe gani?
- Ukiona kosa, omba lirekebishwe kule lilikoanzia. Likirekebishwa upande mmoja tu, litarudi.

Sheria ya Rwanda ya 2021 ya kulinda taarifa binafsi inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kuomba zisahihishwe. Inakupa pia haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake.

Taasisi nazo zina wajibu. Ulinganishaji huu ni wa lazima, kwa kuwa msaada hautoshi na haufai kwenda kwa asiyestahili. Lakini kila jina lisilolingana linapaswa kuangaliwa na mtu, na mwenye jina aitwe na kusikilizwa kabla huduma haijakatwa.